Mwani mdogo kwenye maji taka ya kiwanda cha maziwa: mwongozo kamili wa kupata gesi na kusafisha maji

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mtu wa Paje au Jambiani huko Zanzibar akisikia mwani anafikiria kamba, vijiti na maji kupwa. Mwani wa hapa ni mwingine: ni ule unaogeuza bwawa la samaki kuwa la kijani. Chembe moja ya Chlorella ina upana wa maikromita 2 hadi 10, kwa hiyo unywele mmoja wa kichwani ni gogo kubwa ukiulaza kando yake. Inaishi kwa jua, hewa ya ukaa, naitrojeni na fosforasi, na hivyo viwili vya mwisho vimejaa kwenye maji yanayotoka kiwanda cha maziwa, machinjio, kiwanda cha juisi au mahali wanapochakata samaki.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni kiwanda kidogo cha mtindi na jibini kinachomwaga lita 1,000 za maji taka kwa siku. Ukiwa na muhogo au samaki mpangilio ni uleule, ila vipimo vyako vitatofautiana.

Piga hesabu kabla hujanunua hata msumari

Watu wengi huingia kwenye jambo hili wakiota dizeli. Hata mimi niliingia hivyo. Basi tuanze na dizeli ili tuimalize mapema.

Maji taka ya maziwa hupimwa kwa COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wote uliomo. Kiwanda cha aina hii mara nyingi hutoa gramu 1 hadi 5 kwa lita, tuchukue 3. Bwawa la kina cha sentimita 25 linalokaa na maji kwa siku 6 litahitaji eneo la mita za mraba 24. Kwa mtu anayeanza, mavuno ya gramu 10 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku ni makadirio ya haki, ingawa waliobobea hufika 20 na zaidi. Unapata gramu 240 kwa siku. Mwani uliolishwa vizuri huwa na mafuta kama asilimia 15 tu, kwa hiyo ni gramu 36. Kwa mwaka mzima, bila kupoteza tone, ni kama lita 14. Dumu moja halijai.

Utasikia kwamba mwani unaweza kuwa na mafuta asilimia 40 au 50. Ni kweli, ila ni mwani ulionyimwa naitrojeni hadi ukaacha kukua, ukabaki kuweka akiba. Maji taka yamejaa naitrojeni. Huwezi kumshibisha mtu na kumfunga saumu kwa wakati mmoja.

Sasa angalia gesi. Lita zako 1,000 zina kilo 3 za COD. Mtambo wa bayogesi ukivunja asilimia 80, kila kilo iliyovunjwa hutoa mita za ujazo 0.35 za methani (sehemu ya bayogesi inayowaka), kwa hiyo unapata 0.84, ambayo ni bayogesi mita za ujazo 1.3 hivi. Toa kinachovuja na kinachotoka kimeyeyuka ndani ya maji, bado una karibu mita moja ya ujazo, na jiko moja la gesi litawaka kama saa tatu. Zile gramu 240 za mwani, ukizirudisha kwenye mtambo huohuo, zitaongeza lita 85 au 90 za bayogesi: robo saa, birika la chai.

Umeona nishati ilipo. Iko kwenye maji machafu yenyewe, na bakteria ndio wanaoitoa. Kazi kubwa ya mwani ni kusafisha kile ambacho bakteria hawakigusi, yaani amonia na fosforasi, na kwa ujira wake unakuongezea gesi kidogo na mbolea. Ukijenga kwa mpangilio huo, mtambo kwanza na bwawa baadaye, hutajuta. Wenye fedha nyingi wameshapita njia ya mafuta. Marekani iliendesha mpango wake wa mafuta ya mwani kuanzia 1978 hadi 1996, ukakusanya aina zipatazo 3,000 na kuchimba mabwawa huko Roswell, New Mexico, ukafungwa kwa sababu gharama haikushuka. Kampuni ya mafuta ya ExxonMobil iliingia 2009 na baadaye nayo ikajitoa. Kwa upande mwingine, huko Chiclana, kusini mwa Hispania, mwani uliokuzwa kwenye maji taka ya mji uligeuzwa gesi, na gesi hiyo ikaendesha magari.

Hatua ya kwanza: simamia sakafu ya kiwanda

Lita moja ya maziwa halisi ina COD inayozidi gramu 200. Maana yake, kila lita 5 za maziwa zinazomwagika ndani ya lita 1,000 za maji huongeza gramu nzima kwa kila lita ya maji taka. Kwa hiyo kabla ya bomba na mabwawa, kagua vali zinazovuja na ndoo zinazofurika. Maji ya jibini usiyaachie mtaro hata kidogo. Ni makali mno, na nguruwe au ndama watayanywa kwa furaha.

Kisha tenganisha maji ya dawa. Kiwanda cha maziwa huosha mabomba kwa kostiki na asidi, halafu huua vijidudu kwa klorini au dawa nyingine. Vyote hivyo huua mtambo na bwawa pia. Jumamosi moja nilisahau kugeuza vali baada ya usafi mkubwa wa wiki, maji ya klorini yakaingia bwawani. Jumatatu asubuhi maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, juu kukiwa na utando na harufu ya yai viza. Wiki tano za kazi zilikwenda hivyo. Tangu siku hiyo bomba la maji ya dawa lina njia yake, na hakuna vali ya kusahau. Maji hayo yakusanye kwenye simtanki lake. Kostiki na asidi zikikutana humo taratibu hupunguzana makali, ila maji ya klorini yapewe chombo chake peke yake, usiyachanganye kamwe na asidi, hutoa hewa ya sumu.

Maji taka ya kawaida yapitishe kwenye chujio la waya, halafu kwenye shimo la kunasa mafuta: tangi dogo lenye ukuta wa katikati unaoacha nafasi chini, mafuta ya siagi yanabaki juu na maji yanapita chini. Choteni mafuta hayo kila siku. Yakiachwa yataziba mtambo.

Hatua ya pili: mtambo wa bayogesi

Kwa lita 1,000 kwa siku, mtambo rahisi wa mfuko au wa kuba la matofali unahitaji ujazo wa mita 15 hadi 20. Fundi wa bayogesi za samadi ataujenga bila shida; kinachobadilika ni ulishaji.

Ujaze kwanza kwa samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Subiri mpaka gesi iwake kwa moto wa buluu, kwa kawaida wiki mbili hadi nne. Ndipo uanze kuleta maji ya maziwa, lita 100 kwa siku, ukiongeza taratibu kwa wiki tano au sita mpaka ufike 1,000. Haraka hapa inaponza, kwa sababu sukari ya maziwa huchachuka kwa kasi kuliko bakteria wa methani wanavyoweza kufuata. Pima pH (kipimo cha uchachu) ya maji yanayotoka kwa karatasi za kupimia. Ikishuka chini ya 6.8, acha kulisha siku mbili tatu na uongeze chokaa kidogo kidogo iliyokorogwa kwenye maji. Ukianza kusikia harufu ya maziwa yaliyochacha kwenye maji yanayotoka, ujue umechelewa kupima.

Gesi yenyewe ipitishe kwenye bomba pana lililojazwa nyuzi za chuma zenye kutu, zinanasa ile hewa ya yai viza ambayo ni sumu na hula majiko. Methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka, kwa hiyo unapotafuta mvujo tumia povu la sabuni, si kiberiti. Na asiingie mtu ndani ya mtambo kusafisha, hata ukiwa mtupu. Watu wamekufa hivyo, mmoja akizimia na wa pili akishuka kumwokoa.

Maji yanayotoka huku yamepungua COD lakini yamebeba amonia yote. Kwa mwani, hicho ni chakula kilichoiva.

Hatua ya tatu: bwawa

Umbo linalofaa ni bwawa la mzunguko, kama uwanja wa riadha uliorefushwa: mita 8 kwa 3, na ukuta mwembamba katikati usiofika mwisho pande zote mbili, maji yanazunguka. William Oswald wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley alianza kuyatumia mabwawa ya jinsi hii kwa maji taka miaka ya 1950, na umbo halijabadilika sana tangu hapo. Sakafu iwe sawasawa kabisa. Fundi apime usawa kwa mpira wa maji, kwani tofauti ya sentimita tano kwenye kina cha sentimita 25 ni kubwa mno. Tandika plastiki nzito ya mabwawa au piga lipu ya saruji. Kuta zipande sentimita 20 juu ya maji kwa ajili ya mvua za masika. Jua liwe wazi kutwa nzima: kivuli cha mwembe wakati wa saa tisa alasiri ni mavuno yaliyopotea.

Usichimbe kina zaidi ukidhani utapata maji mengi ya kufugia. Mwani ukiwa mzito, mwanga haufiki hata sentimita 15. Chini ya hapo ni giza, na mwani gizani hupumua tu, unakula akiba yake. Ndiyo maana maji lazima yazunguke, kila chembe ipate zamu yake juani.

Gurudumu la makasia ndilo linalozungusha. Nililolitengeneza lina makasia 6 ya ubao kwenye ekseli ya bomba, kipenyo sentimita 60, linaendeshwa na mota ya waipa ya gari iliyotoka kwa wauza vyuma chakavu. Mota hiyo ni ya volti 12, inaendana na paneli ya sola na betri, ila mzunguko wake ni wa kasi mno, kwa hiyo nilitumia mnyororo na magurudumu ya meno ya baiskeli, dogo kwenye mota na kubwa kwenye ekseli, kupunguza karibu mara tatu. Unataka mizunguko 10 hadi 15 kwa dakika. Kupima kasi ya maji, tupa chungwa ndani ya bwawa. Likienda mita 4 kwa sekunde 20, mwendo ni sentimita 20 kwa sekunde, na hapo ni pazuri. Faida nyingine ambayo majirani watakushukuru: mbu hawatagi kwenye maji yanayotembea. Angalia pembe tu, ndiko yanakotuama.

Hatua ya nne: mbegu

Usiagize mbegu ng'ambo. Chota lita moja ya maji ya kijani kwenye bwawa la samaki au, bora zaidi, kwenye mabwawa ya maji taka ya karibu nawe. Mwani wa huko umeshazoea shida. Uchuje kwa kitambaa cha merikani kilichokunjwa mara mbili ili kuondoa wadudu, na ukipata hadubini ya shule, angalia. Chembe mviringo ni Chlorella. Vijiti vilivyopangana vinne vinne kama vidole ni Scenedesmus. Ukipata hao wa pili, shangilia. Wanazama wenyewe, na utaona baadaye kwa nini ni jambo kubwa.

Lita hiyo itie kwenye chupa kubwa zinazopitisha mwanga, jumla lita 10, maji safi yasiyo na klorini (ya bomba yaache wazi siku mbili) na nusu kijiko cha chai cha mbolea ya NPK 17-17-17 iliyosagwa. Weka kivulini penye mwanga, na pampu ndogo ya hewa ya matangi ya samaki. Rangi ikikolea, baada ya wiki hivi, ongeza hadi lita 100, halafu 1,000. Kila unapopanua, sehemu ya mbegu isipungue moja ya kumi, vinginevyo bakteria na wadudu watautangulia mwani. Kuanzia lita 100, acha mbolea na anza kutumia maji ya mtambo, kwanza sehemu moja kwa tisa za maji safi, halafu moja kwa tatu, halafu nusu. Unaufundisha mwani kula chakula cha nyumbani.

Hatua ya tano: kulisha na kusoma bwawa

Bwawa likishajaa na kuwa la kijani, toa lita 1,000 za maji yake kila asubuhi na uingize 1,000 za mtambo polepole kuanzia saa nne, jua likishapanda. Kutokana na joto, bwawa la ukubwa huu hupoteza kama lita 120 kwa siku kwa kuvukiza, kwa hiyo usishangae yanayotoka yakiwa pungufu.

Chombo changu cha kila siku ni kijiko cheupe cha plastiki kilichofungwa kwenye rula. Kitumbukize wima na uangalie kinapopotea machoni. Kikipotea kati ya sentimita 8 na 12, nzuri. Kikionekana mpaka 20, mwani umepungua au unaliwa. Kikipotea kabla ya 5, umelundika, vuna zaidi.

pH hupanda mchana kwa sababu mwani unamaliza hewa ya ukaa iliyomo majini. Hadi 8.5 usijali. Ikivuka 9, amonia hugeuka hewa ya amonia, ambayo humuumiza mwani mwenyewe na inachoma pua ukiinama karibu. Dawa ya haraka ni kuongeza maji ya mtambo, kwani yamebeba hewa ya ukaa nyingi, au kupunguza kipimo kama amonia ndiyo iliyozidi. Utajua ni lipi kwa kunusa.

Adui mkubwa ni walaji. Viroboto maji unawaona kwa macho, vidoa vinavyorukaruka. Wakizaliana wanaweza kulimaliza bwawa kwa siku tatu. Wachuje kwa chandarua laini kwenye njia ya maji, mfululizo, usiku na mchana. Wadogo zaidi, wa kuonekana kwa hadubini, hawachujiki. Kwa hao, ruhusu pH ipande hadi 10 kwa saa chache za mchana bila kulisha. Amonia itakayojitokeza itawapiga kabla ya kuupiga mwani. Ni mchezo wa hatari. Sijawahi kuucheza bila kuwa na mbegu ya akiba.

Hatua ya sita: mavuno, penye kazi yote

Lita zako 1,000 zina gramu 240 za mwani. Hiyo ni sawa na kutafuta kikombe cha unga kilichokorogwa ndani ya simtanki. Kuchuja kwa kitambaa hakuwezekani, chembe zinapita au zinaziba. Mashine za kuzungusha kwa kasi zinafanya kazi na bei yake inafukuza.

Tumia tangi lenye kitako cha koni, au simtanki uliyoigeuza juu chini. Yatie maji ya asubuhi, yaache yatulie mpaka kesho yake. Kama una Scenedesmus, sehemu kubwa itazama. Isipozama, saidia. Shabu inafanya kazi vizuri, lakini aluminiamu yake inabaki kwenye tope, na tope hili linakwenda mtamboni halafu shambani, kwa hiyo mimi napendelea mlonge. Chukua mbegu zilizokaukia mtini, ondoa ganda, twanga, koroga kwenye maji dakika tano na uchuje. Kipimo hakuna mtu atakayekuambia kwa hakika, maji yanatofautiana. Panga chupa tano za lita moja, kila moja kipimo chake kutoka kidogo hadi kikubwa, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika kumi, uache nusu saa. Chupa ya kipimo kidogo kuliko zote iliyotoa maji meupe ndiyo jibu.

Chini ya koni utafungulia tope la kijani, zito kama uji mwepesi, lita 24 hivi, ndoo moja na kidogo. Lipeleke mtamboni siku hiyohiyo. Kwenye joto linaoza kabla ya jioni. Kuta za chembe za Chlorella na Scenedesmus ni ngumu, na bakteria hawazifungui kirahisi, kwa hiyo ukipata nafasi lichemshe tope kwa joto la boila linalopotea bure. Pia mwani una naitrojeni nyingi kulingana na kaboni yake: changanya na maganda ya muhogo au pumba za mahindi ili amonia isijilundike ndani.

Kama bado unatamani dizeli, sasa unayo picha kamili: ulikaushe tope hilo lote, uvunje chembe, ukamue mafuta kwa kimiminika cha kuyeyushia, uyapambanishe na methanoli na kostiki kwenye nyuzi joto 60, na mafuta ya mwani yenye asidi huru nyingi yatakugeukia sabuni. Methanoli inapofusha macho na moto wake hauonekani mchana. Yote hayo kwa gramu 36.

Maji yanayobaki, na karatasi za serikali

Maji ya juu ya koni yanaonekana safi, ila usikimbilie mtoni. Mavuno ya gramu 240 hubeba gramu 17 tu za naitrojeni, na maji yako huenda yana 60. Ukitaka mwani uimalize yote, utahitaji eneo mara tatu na nusu. Njia nyepesi ni kumwagilia migomba na majani ya tembo, mimea inayokunywa naitrojeni bila kuuliza. Usimwagilie mchicha wala mboga zinazoliwa mbichi.

Ukilazimika kuyatoa nje, kiwango cha Tanzania ni COD miligramu 60 kwa lita, na cha Kenya katika kanuni za 2006 kilikuwa 50, nawe utahitaji kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi yako na cha ofisi ya maji ya bonde husika. Wengi hukwama hapa bila kuelewa: mwani usiovunwa nao unahesabiwa. Maji yenye gramu 0.24 za mwani kwa lita yana COD inayozidi miligramu 300 kutokana na mwani peke yake, hata kama uchafu wa maziwa umekwisha. Kwa hiyo siku koni imeziba, maji yaende migombani.

Mwisho wa kila mwezi jaza chupa mbili za mbegu kutoka bwawani, chuja kwa merikani, na uziweke dirishani lisilopigwa jua kali, kizibo kimelegezwa. Zitikise kila unapopita. Baada ya wiki mbili mwaga nusu ya kila chupa na uongeze maji mapya yenye chembe ya mbolea. Andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, maana baada ya miezi mitatu zitafanana zote.